Magitaa mawili, jukwaa moja: jinsi nilivyojifunza kupunguza sauti

Najua wengi wenu hufika hapa kutafuta habari za programu, sava na hifadhidata. Leo naomba mnivumilie kidogo, nataka kuandika habari ya magitaa. Lakini msiondoke! Ndani yake mtakuta umeme, mtakuta hesabu, mtakuta programu ndogo niliyoiandika usiku mmoja ikanidanganya mchana kweupe, na mtakuta ugomvi wa kifamilia ambao nusura ugharimu bendi mpiga solo wake.

Kazi yangu ya mchana ni kuandika programu hapa Nairobi. Jumamosi ni mpiga gitaa. Tuna bendi ndogo ya harusi: magitaa mawili ya umeme, besi, drams, waimbaji wawili, na kinanda siku ambayo mpiga kinanda amepatikana. Mimi napiga gitaa la rithimu. Gitaa la solo hupigwa na binamu yangu. Na huyu binamu si mtu wa hivi hivi kwangu. Ndiye aliyenifundisha kupiga gitaa mwaka 2003, likizo ya Desemba, kijijini, kwa gitaa kavu lenye nyuzi tano, maana ule wa sita ulikuwa umekatika na duka la kuuza nyuzi lilikuwa mbali mjini. Vidole vyangu vilitoka malengelenge, naye akawa ananiambia, "Vumilia, ndugu yangu, ngozi itakomaa." Ikakomaa.

Mwaka 2011, nilipoanza kupata mshahara wa kueleweka, nilijinunulia gitaa la umeme la umbo la Les Paul, zito kama jiwe la kusagia, pamoja na amplifaya ya wati 100. Binamu yangu, ambaye riziki yake ni ya kubahatisha, alikuwa na gitaa la umbo la Stratocaster alilolinunua mtumba na amplifaya ya wati 30 yenye mpini uliofungwa kwa kamba. Shikeni hapo kwenye tofauti hiyo, maana hadithi yote imo humo.

Siku ya aibu

Ilikuwa harusi ya Machakos, Desemba 2018. Ukumbi umejaa, bibi harusi anaingia, na wimbo wetu wa kumwingiza una kipande kirefu cha solo ambacho binamu alikuwa amekifanyia mazoezi wiki tatu. Kikafika. Nikamwona amefumba macho, vidole vinakimbia juu chini. Mimi nikaendelea kuchapa rithimu kwa raha zangu. Baadaye mwimbaji wetu mmoja akanisimulia kwamba mtoto aliyekuwa meza ya mbele alimwuliza mama yake kwa nini yule mjomba gitaa lake limezimwa.

Halikuwa limezimwa. Nilikuwa nimelifunika.

Tukirudi kwenye matatu, vyombo miguuni, binamu hakusema neno mpaka tulipopita Mto Athi. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Nitauza hili gitaa." Nikacheka, nikidhani ni mzaha. Akaniambia, "Ndugu yangu, wewe unapiga gitaa. Mimi nabeba mbao."

Wiki hiyohiyo kiongozi wa bendi akatuita. Alikuwa amelalamikiwa na wenye harusi kwamba magitaa yalikuwa kelele tupu. Akasema wazi: tuna kazi nyingine mwisho wa Februari, na kama magitaa mawili hayataweza kukaa pamoja, atabaki na moja. Hakusema lipi. Hakuhitaji kusema, kwa sababu spika na mikisa ya bendi ni zangu. Nilitoka pale nikijua kwamba nikinyamaza tu, nitamshinda mwalimu wangu, na sababu ya kumshinda haitakuwa ufundi wa vidole bali uzito wa mfuko.

Basi nikafanya kile ambacho watu wa kazi yangu hufanya wakibanwa. Nikaanza kusoma.

Kwa nini magitaa haya hayafanani

Gitaa la umeme halina kipaza sauti ndani yake kama wengi wanavyodhani. Lina pikapu. (Siyo ile ya kubebea mboga sokoni.) Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba sana maelfu ya mara. Uzi wa chuma ukitetemeka juu ya sumaku, unatikisa uga wa sumaku, na ndani ya koili ile ya waya unazaliwa umeme mdogo unaofuata mtetemo wa uzi. Umeme huo ndio unaopita kwenye kebo mpaka kwenye amplifaya.

Stratocaster ya Fender ilipoingia sokoni mwaka 1954 ilikuwa na pikapu tatu za koili moja moja. Sauti yake ni nyembamba na angavu, inalia kama kengele. Lakini koili moja ina tabia mbaya: inanasa umeme wa nyumbani pia. Hapa Kenya umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo unasikia mngurumo wa Hz 50 pamoja na ndugu zake wa Hz 100, 150 na kuendelea. Ukisimama karibu na taa za mirija ndiyo utajua.

Mhandisi wa Gibson aitwaye Seth Lover aliomba hataza ya dawa ya tatizo hilo mwaka 1955: koili mbili badala ya moja, zilizopangwa kinyume. Mngurumo ukiingia kwenye koili zote mbili unajiua wenyewe, bali sauti ya uzi inajumlishwa. Kuanzia mwaka 1957 pikapu hizo zikawekwa kwenye Les Paul. Mngurumo ukaisha, lakini kukawa na matokeo mawili mengine. Kwanza, umeme unaotoka ni mkubwa zaidi. Pili, sauti ni nene, imejaa katikati, na ule ung'avu wa juu umepungua.

Kwa hiyo hata tungekuwa na amplifaya mbili zilizotoka kiwanda kimoja siku moja, gitaa langu lingemzidi binamu kabla hata hatujagusa kitu. Nikaona nimepata ugonjwa. Kilichobaki ni dawa.

Programu iliyonidanganya

Januari 2019 nikamwita binamu nyumbani. Nikaunganisha magitaa kwenye kompyuta, moja baada ya jingine, na kurekodi kwa sampuli 44,100 kwa sekunde. Kila mmoja akapiga kodi ileile ya G kwa dakika moja, nyuzi zote sita, kwa nguvu ya kawaida. Usiku nikaandika programu ya mistari kama arobaini ya kukokotoa wastani wa nguvu ya mawimbi. Jibu likaja safi: gitaa langu lilikuwa juu kwa desibeli 7.

Kwa wale wasiozoea desibeli, hiki si kipimo cha kujumlisha kama kilo za sukari. Volti zikiwa maradufu, umeongeza desibeli 6. Nguvu ya wati ikiwa maradufu, umeongeza 3 tu. Na ili sikio la mtu wa kawaida liseme "sauti imekuwa mara mbili", unahitaji kama desibeli 10, yaani wati mara kumi! Ndiyo maana amplifaya yangu ya wati 100 haikuwa inamzidi binamu mara tatu na zaidi kama bei yake ilivyodai. Kati ya wati 30 na wati 100 kuna desibeli 5 tu na ushee, kama spika zinafanana. Kilichokuwa kinamzika binamu hakikuwa wati peke yake. Desibeli 7 za pikapu zilikuwa zimepanda juu ya desibeli 5 za amplifaya.

Nikachukua bisibisi. Pikapu nyingi zina skrubu mbili pembeni, na ukizifungua kidogo pikapu inashuka, inakuwa mbali na nyuzi, na umeme unapungua. Dawa ya bure kabisa. Nikashusha zangu kama milimita mbili. Za binamu nikazipandisha kidogo tu, kwa sababu sumaku ikikaribia sana nyuzi inazivuta, na gitaa linaanza kutoa sauti iliyopinda ambayo huwezi kuitengeneza kwa kukaza nyuzi. Nikashusha amplifaya yangu, nikarekodi tena, nikapima tena. Tofauti: nusu desibeli. Nikalala usingizi wa mtu mwenye haki.

Jumamosi iliyofuata tulikuwa na kazi ndogo ya sherehe ya kuzaliwa huko Thika. Wimbo wa kwanza, sawa. Wimbo wa pili, binamu akaingia kwenye solo, na solo ikapotea tena! Akapandisha sauti. Mimi nikawa sijisikii, nikapandisha. Mpiga besi naye akapandisha. Mpiga drams hana kitufe cha kupandisha, kwa hiyo akaanza kupiga kwa hasira. Kufikia wimbo wa tano waimbaji walikuwa wanapiga kelele, na spika za mbele zikaanza ule mluzi unaotoboa masikio. Fundi wetu wa mitambo alikuwa ameshusha magitaa mpaka sifuri kwenye mikisa, na bado yalikuwa juu. Mikisa inaweza kuongeza tu. Haiwezi kupunguza sauti inayotoka moja kwa moja kwenye amplifaya iliyo jukwaani na kumfikia msikilizaji hatua kumi kutoka hapo.

Waandishi wa programu wana utetezi mmoja mashuhuri: "Kwenye mashine yangu inafanya kazi." Sasa nikawa nimeusema mimi kuhusu gitaa. Ilinichukua siku mbili kuona kosa lilipo. Nilikuwa nimepima sote wawili tukipiga nyuzi sita, kodi moja. Jukwaani binamu hapigi hivyo. Anapiga uzi mmoja kwa wakati mmoja, na mimi bado nachapa sita. Data ya majaribio haikufanana hata kidogo na hali halisi. Kwa kijana aliyeanza kazi juzi, kosa kama hilo ningelisahihisha kwa dakika mbili.

Mzee aliyekaa mlangoni

Jirani wa kiongozi wa bendi ni mzee aliyepiga gitaa la solo katika bendi za rumba hapa Nairobi miaka ya 1970 na 1980, wakati bendi zenye asili ya Kongo kama Super Mazembe na Les Mangelepa zilipofanya mji huu kuwa makao. Siku hizi mikono yake inatetemeka na hapigi tena. Katikati ya Februari alikuja mazoezini kwetu, akabeba kiti chake cha plastiki, akakiweka mlangoni kabisa mwa ukumbi na kukaa.

Tukapiga nyimbo mbili. Akainua mkono.

"Vijana, kuna magitaa mangapi hapo?"

"Mawili, Mzee."

"Huku mlangoni liko moja. Tena linagombana na besi."

Akatuambia tuzime amplifaya zote, tupige hivyohivyo gitaa bila umeme, wawili tu, karibu naye. Na pale, katika ule mlio mdogo wa nyuzi tupu, nilisikia kitu ambacho programu yangu haikunionyesha. Nilikuwa nakaa chini ya shingo ya gitaa nikichapa kodi pana, kuanzia uzi mnene wa Hz 82 kwenda juu. Binamu naye alikuwa anaanza solo zake katikati ya shingo, ndani ya kodi zangu. Kila noti aliyoipiga, mimi nilikuwa tayari naipiga, au jirani yake. Sauti yake haikuwa ndogo. Ilikuwa imefichwa. Wataalamu wa sauti wanalijua jambo hili vizuri: sauti kubwa inafunika sauti ndogo iliyo katika masafa ya karibu nayo, na sikio halitenganishi mbili hizo hata kama vipimo vinasema zote zipo.

Mzee akanigeukia. "Wewe, nani amekuambia upige nyuzi zote? Umeziazima, unataka kuzimaliza kabla mwenyewe hajaja?" Sote tukacheka. Kisha akasema, bila mzaha, "Piga tatu za katikati. Na uzikate, zisiendelee kulia." Kwa binamu akasema, "Na wewe panda. Solo haikai chini ya ghorofa ya saba." Alimaanisha kiwambo cha saba kwenye shingo.

Akatueleza jinsi bendi za rumba zilivyokuwa zinapanga magitaa matatu jukwaani bila kugombana: rithimu chini, solo juu, na mi-solo katikati ikijaza pengo. Hakuna aliyeingia kwenye chumba cha mwenzake. Na benga yetu ni hivyohivyo. Ukisikiliza rekodi za D.O. Misiani na Shirati Jazz utasikia solo ikitembea juu, ikimjibu mwimbaji, na rithimu imejibana mahali pake. Watu hawa hawakuwa na kompyuta, na vyombo vingi vilikuwa vya kuazima. Mizani waliiweka katika mpangilio wa wimbo kabla ya kugusa kitufe chochote.

Tukawasha amplifaya, tukapiga tena. Kwa mara ya kwanza tangu Machakos nikamsikia binamu yangu. Nilisikia kila noti, na kusema kweli, nikasikia pia kwamba alikuwa amekuwa fundi mkubwa kuliko nilivyokumbuka. Kwa miaka saba nilikuwa nimesimama hatua mbili kutoka kwake na sikujua.

Amplifaya na visigino

Mzee hakuwa amemaliza. Akaja kusimama nyuma yangu, akatazama amplifaya yangu iliyokaa sakafuni, akaniuliza, "Masikio yako yako kwenye visigino?"

Nikaelewa baadaye fizikia yake. Spika ya gitaa ya inchi 12 inatupa sauti za juu mbele kama tochi, bali za chini inazimwaga kila upande. Mimi nikisimama karibu nayo, mwanga wa tochi unapita kati ya miguu yangu kwenda kuwachoma watu wa meza ya mbele. Mimi nasikia mnene tu, naona sauti yangu imelala, napandisha. Dawa ikawa kreti la soda na kipande cha mbao: amplifaya ikapanda juu ya kreti, ikaegemezwa nyuma kidogo ili initazame usoni. Papo hapo nikashusha sauti mwenyewe, bila kuambiwa, kwa sababu iliniuma masikio.

Kulikuwa na kosa langu jingine la chumbani. Nyumbani, kwa sauti ndogo, nilikuwa nimepandisha besi na trebo na kushusha katikati, kwa sababu ilisikika tamu. Fletcher na Munson walionyesha tangu mwaka 1933 kwamba sikio la binadamu halisikii masafa yote sawa, na kwamba sauti ikiwa ndogo tunapoteza zaidi zile za chini. Kwa hiyo besi niliyoiongeza chumbani ili niisikie, jukwaani kwa sauti kubwa ikawa mafuriko. Ndiyo iliyokuwa inagombana na gitaa la besi, ambalo uzi wake mnene unaanzia Hz 41 na ndilo lenye haki ya kukaa kule chini.

Hatua tunazofuata sasa

Kwa wale wenzangu mlio na bendi, ya kanisani au ya baa, hivi ndivyo tunavyofanya tangu siku ile. Haihitaji kununua kitu.

1. Anzeni na mpangilio. Pigeni bila umeme, wawili tu. Kama mnagongana hapo, hakuna mikisa itakayowaokoa. Mmoja apande, mwingine ashuke, au mmoja atumie kapo, kile kibanio cha shingoni, ili kodi zilezile zitoke mahali pengine.

2. Anzeni na gitaa dhaifu. Wekeni kwanza lile lenye koili moja mpaka lisikike vizuri juu ya drams likiwa bado safi. Kisha leteni lile lenye nguvu lishuke lilifikie. Msifanye kinyume, maana gitaa dhaifu likilazimishwa kumfikia mwenye nguvu linaanza kukwaruza, na mngurumo wake wa umeme unapanda pamoja nalo.

3. Mwenye gitaa lenye nguvu apunguzie kwenye amplifaya au kwenye pikapu, si kwenye gitaa. Ukifunga kitufe cha sauti cha gitaa, mara nyingi ung'avu nao unapotea, kwa sababu kinzani ya kitufe na kebo vinashirikiana kuchuja sauti za juu. Amplifaya nyingi zina matundu mawili ya kuchomekea. Lile la ishara kubwa kwa kawaida linapunguza kama desibeli 6. Mimi ndilo ninalotumia.

4. Gitaa la rithimu likate besi, chini ya Hz 100 au 120 hivi. Ukipiga peke yako utaona sauti imekonda. Usijali, hakuna anayekusikia peke yako.

5. Mpiga solo abakishe akiba. Kitufe chake kikae 7 wakati wa kuimba, na solo ikifika aende 10. Akianza na 10 hana pa kwenda ila kumwomba Mungu.

6. Amplifaya zitazame masikio ya wapigaji. Kreti, kiti, meza, chochote.

7. Mtu mmoja akae mlangoni. Asiwe mpiga gitaa. Na kumbukeni kwamba ukumbi mtupu unadanganya: watu wakijaa, miili na nguo zao zinameza sauti za juu, kwa hiyo mizani mliyoiweka saa nne asubuhi inahitaji kuguswa tena saa nane.

8. Kipimo cha mwisho, ambacho mimi nakiona kizuri kuliko programu yangu: ukiwa mpiga rithimu na huwezi kusikia noti za mwenzako, wewe ndiye uliye juu. Shuka kwanza, uliza baadaye.

Kuna faida nyingine ambayo hatukuitafuta. Jukwaa zima lilishuka. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inashauri mtu asikae kwenye desibeli 85 kwa zaidi ya saa 8, na kila ukiongeza desibeli 3 muda huo unagawanywa kwa mbili. Ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Ule mlio niliokuwa nalala nao masikioni kila Jumamosi usiku, nikidhani ni sehemu ya muziki, siku hizi umepungua sana.

Mwisho wa Februari

Kazi ya Februari 2019 ilikuwa harusi, Kitui. Mzee hakuweza kuja, kwa hiyo tulimweka mlangoni mdogo wake fundi wa mitambo, tukamwonyesha ishara mbili tu za mkono: juu na chini. Bibi harusi akaingia. Solo ikafika. Nikajibana kwenye nyuzi zangu tatu, na ukumbi mzima ukamsikia binamu yangu. Akina mama wa upande wa bwana harusi wakapiga vigelegele katikati ya solo, jambo ambalo halijawahi kunitokea mimi katika maisha yangu yote ya rithimu.

Kwenye wimbo wa tatu binamu akanigeukia na kunyoosha kidole juu. Moyo ukanipasuka, nikadhani nimekosea tena. Kumbe alikuwa ananiambia nipandishe. Alikuwa hanisikii vizuri.

Kiongozi wa bendi hakusema lolote kuhusu magitaa siku ile, na wanaomjua wanaelewa kwamba hiyo ni sifa kubwa. Binamu bado anapiga nasi. Gitaa ni lilelile la mtumba, na amplifaya ni ileile ya wati 30, ila mpini nimemwekea mpya. Nilitaka kumnunulia amplifaya kubwa, nikamwambia hivyo. Akakataa. "Ya nini?" akaniuliza. "Hii inasikika."

Kwa leo naishia hapo. Toleo lijalo tutarudi kwenye hifadhidata kama nilivyoahidi. Na ile programu yangu ya kupima bado ninayo, haina kosa hata moja. Nilikuwa nimeiuliza swali lisilofaa.